Mbuzi wa Mama Luka Hana Hatia

Jumatatu, 3 Machi
Hili sijamwambia mtu, hata padri: mdimu wa Mama haukuliwa na mbuzi wa Mama Luka. Umeliwa na viwavi wangu tisa. Niliwakuta wadogo kama mavi ya ndege, nikawaacha ili niwaone wakiwa vipepeo. Sikujua wanakula hivyo! Leo Mama kamfokea jirani juu ya ua wa minyaa kwamba mbuzi wake amekosa malezi. Mama Luka akajibu kwamba mbuzi wake ana malezi kuliko watoto wa watu. Mimi hapo hapo, nachambua mchicha. Sasa mbuzi amefungwa, na Luka anamkatia majani kila jioni. Luka! Tangu Kidato cha Kwanza sijawahi kumwambia hata mambo.

Jumatano, 5 Machi
Mpango: kuhamisha ushahidi. Viwavi na matawi yao sasa wamo kwenye boksi, chini ya kitanda changu. Wamekasirika. Kiwavi akikasirika hutoa vipembe vyekundu kichwani, na harufu! Mama kauliza kinanuka nini. Kaka Masele karudi jana kutoka machimboni Geita. Macho yote kwenye mabuti yake. Kayafua mara mbili, analalamika kwamba kule duarani, shimoni kwa wachimba dhahabu, hakuna aliyewahi kumsema. Nimempelekea sabuni.

Jumapili, 9 Machi
Viwavi wameacha kula. Kila mmoja kajifunga uzi kiunoni, kawa kama jani kavu. Nimemwandikia Luka barua ya kukiri, kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza huwa sina aibu. Kisha nikaisoma. Nikaitafuna yote, kama mbuzi.

Jumamosi, 22 Machi
Wametoka! Tisa! Mbawa nyeusi na manjano, zilianza zimekunjamana kama kitenge kilichokamuliwa. Nikabeba boksi niwaachie bustanini. Nafika sebuleni, Babu wa Tinde huyo anaingia. Msichana wa Kisukuma akimwona babu yake, magoti hushuka yenyewe. Yakashuka. Boksi likafunguka. Vipepeo sebule nzima, mmoja juu ya kofia ya Babu! Babu akacheka, akamwambia Mama kwa sauti ya kufika kwa jirani kwamba hawa ndio wanaomaliza midimu. Mama akanitazama.

Adhabu: niende mwenyewe kuomba radhi. Mlango kafungua Luka. Magoti yakashuka tena. Nikamwambia shikamoo. Tuko darasa moja! Akajibu marahaba, mjukuu wangu. Mama yake kanisamehe, mbuzi kafunguliwa. Luka kasema angependa kuona vipepeo wakitoka. Nimeapa: siri tena, kamwe.

Jumamosi, 5 Aprili
Kumwalika Luka kwetu? Ningekufa. Lakini nilikuta mayai mapya kwenye mdimu wetu, nikayahamishia kimyakimya kwenye mlimau wa kwao. Ajionee mwenyewe! Viwavi wamenenepa vizuri.

Mama Luka anapiga hodi. Anamuuliza Mama kama kuku wetu siku hizi wanapanda miti na kula majani ya mlimau wake. Mama anajibu kwamba kuku wake wana malezi. Sasa ananiita. Nyayo hizo, ziko mlangoni. Ukurasa huu unaingia kwenye buti la Masele. Humo hakuna atakayenusa.