Kibanda Changu na Metro Isiyojengwa

Jumatano, 10 Desemba

Barua imefika. Imebandikwa mlangoni pa jengo, juu ya tangazo langu la kuwakataza watu kukung'uta mazulia dirishani. Manispaa inatuita kwenye mkutano wa hadhara, tarehe itatajwa. Wananchi waseme kama mtaa wetu upitishiwe reli nyepesi juu ya barabara, au usubiri metro ya chini ya ardhi. Ramani imeambatishwa. Nimevaa miwani, nimevua, nimevaa tena. Mstari mwekundu wa reli nyepesi unashuka hadi kona yetu, unapanda njia ya miguu, unakata kibanda changu katikati!

Kibanda changu cha bati. Miaka thelathini na moja natengeneza miavuli humo, nachonga funguo, nabadilisha zipu. Kibali ninacho. Ni cha siku tisini, kilitolewa mwaka 1994, na siku ya tisini na moja hakuna aliyekuja kuniuliza. Mtu wa miaka sitini na sita akinyang'anywa kibanda atakwenda wapi? Atakaa nyumbani. Ljubinka, mke wangu, analiogopa jambo hilo kuliko mimi.

Basi kuanzia leo mimi ni mtu wa metro, damu damu. Si kwa ajili ya kasi yake. Belgrade ilianza kuizungumzia metro kabla sijazaliwa. Babu yangu aliahidiwa metro, baba yangu akaahidiwa metro, na wote wawili walipanda tramu mpaka wakazikwa. Reli nyepesi watu wanaweza wakaijenga kweli, tena kwa miaka mitatu, Mungu apishe mbali. Metro haijengwi. Wakichagua metro, nitakufa kwa uzee kwenye kiti changu, kibandani mwangu, na tupa mkononi.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Neema tupu kwa mtu wa miavuli. Nikaanza mpango: hakuna mwavuli unaotoka kibandani kabla mwenyewe hajatia sahihi kwenye ombi la metro. Hadi saa sita nilikuwa na sahihi arobaini na tatu. Moja ni ya mbwa. Mteja kaandika jina la mbwa wake, na mbwa huyo namfahamu.

Saa saba akaja Vukosava. Huyu anakaa ghorofa ya tatu, juu yangu kabisa. Mjane, ameendesha tramu miaka ishirini na minane, na mpaka leo akishuka ngazi unasubiri apige kengele. Ameshaunda kikundi cha kupigania reli nyepesi, yeye mwenyekiti. Nikamwambia kwa adabu kwamba mwavuli wake uko tayari, aweke sahihi hapa. Akasoma karatasi yote taratibu, huku foleni inarefuka nyuma yake. Akauliza vikongwe wenye magoti mabovu watashukaje huko chini, kwa kamba? Tena akauliza: kila machipuko mto ukipanda, stoo zetu za chini hujaa maji, sasa hiyo metro itabeba abiria au samaki?

Foleni ikaangua kicheko. Nikajibu kwamba reli ya juu itakwama kwenye msongamano wa magari kama basi lolote, na theluji ikianguka tutatembea kwa miguu. Hoja safi kabisa. Hakuna aliyeisikia, maana Vukosava alikuwa ameshatoka na kuuacha mwavuli wake mezani.

Kutoka kibandani hadi mlangoni petu ni hatua arobaini. Alizitembea kwa dakika tano, kichwa wazi, mvua inamnyeshea, kila dirisha linamwona. Kufikia jioni jengo zima limetia sahihi ya reli nyepesi. Na Ljubinka pia! Anasema alimwonea huruma mwenzake, halafu magoti mabovu hata yeye anayo. Nimekula supu ya maharagwe, nikalala mapema.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimepata dawa yao. Tarehe!

Vukosava ni wa Mtakatifu Nikola, kama nusu ya mji huu. Siku yake ni tarehe 19, Ijumaa. Na mtu mwenye slava, sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo wake, hatoki nyumbani: mlango uko wazi kutwa, mshumaa unawaka, meza imeandaliwa, na wageni hawaalikwi, wanaojua wanakuja wenyewe. Kumwacha mgeni mezani ukaenda mkutanoni ni aibu ambayo wajukuu watasimuliwa. Hao madereva wastaafu wa kikundi chake nao wote ni wa Nikola, hata wasio wake kwa ukoo wamejifanya wake, kwa kuwa ndiye mlinzi wa wasafiri. Ukoo wangu ni wa Malaika Mkuu Mikaeli. Sisi tulishamaliza mwezi uliopita.

Nikaenda manispaa na keki ya jozi. Tarehe za mikutano hupangwa na Bi Ilonka, Mhungari wa kaskazini, mwanamke mpole. Wao ni Wakatoliki, Nikola wao alishapita tarehe 6. Akafungua daftari, akasema tarehe 19 ukumbi uko wazi asubuhi hadi jioni, jambo la ajabu, hajawahi kuliona. Nikamwambia ni bahati. Akaandika.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Ljubinka aliuliza nimevunja nini.

Alhamisi, 18 Desemba

Jengo lote linanukia samaki wa kukaanga na vitunguu. Ni mwezi wa mfungo, meza ya Nikola haina nyama, kwa hiyo ghorofa ya tatu wanakaanga tangu jana. Nilikutana na Vukosava ngazini, kabeba mfuko wa unga. Hakufoka. Alisema, "Jirani Dobrivoje, siku umeichagua vizuri. Nyumba yangu itajaa watu na ukumbi wako utajaa upepo."

Nilicheka. Nikafika kwenye mkeka wa mlango wangu, kicheko kikaisha. Watu wangu je? Nikaanza kuwapigia simu wote arobaini na watatu, ukiondoa mbwa. Huyu anakwenda slava kwa shemeji. Huyu kwa bosi. Huyu ana nyumba tatu za kupitia na anaomba ushauri aanzie ipi. Mmoja alinijibu kwamba mtu mwenye akili timamu hapangi mkutano siku ya Nikola, lazima kapanga Mturuki asiyewajua watakatifu wetu. Nikakata simu.

Haidhuru. Mtu mmoja fasaha anatosha. Nimeandika hotuba, kurasa nne. Nimedai metro ichimbwe mara moja, bila kusubiri hata wiki, na kituo kiwe hapo hapo kwenye kona ninaposimama kila siku, ambapo nayaona kwa macho yangu mateso ya abiria. Nilimsomea Ljubinka. Akauliza kwa nini nawaharakisha watu wafanye kitu nisichotaka kifanyike. Nikamweleza kwamba yeye siasa haijui. Mtu anayeomba jambo kwa ulegevu haaminiki. Akasema haya, mzee wangu, akarudi kwenye soksi zake.

Ijumaa, 19 Desemba

Viti mia na ishirini. Nilivihesabu, nilikuwa na muda. Waliokuwepo: mhandisi Prokić, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya manispaa, katibu wake, mlinzi wa ukumbi, aliyeuegemeza mgongo kwenye kipasha joto, na mimi. Wajumbe saba wa kamati, watano wako likizo ya slava, wa sita kapiga simu kwamba anaumwa, na nyuma yake watu wanaimba. Prokić mwenyewe alikuwa anaangalia saa, anasubiriwa kwa kaka yake.

Nilihutubia dakika ishirini na mbili. Kwenye ukurasa wa pili, pale pa "hapa hapa ninaposimama", nilipiga meza. Mlinzi akapiga makofi, labda kwa kushtuka. Prokić akauliza kama kuna mwananchi mwenye maoni tofauti. Viti havikuwa nayo. Akamwambia katibu aandike: wananchi wote waliohudhuria wameunga mkono metro na kutaka kazi ianze haraka. Wote! Asilimia mia! Hata kwenye chaguzi za zamani za chama kimoja hatukufikia hapo.

Nikaenda moja kwa moja ghorofa ya tatu. Slava haina mwaliko, kwa hiyo haina kufukuzwa. Nyumba ilikuwa imefurika madereva wastaafu, wananisogezea kiti kwa nyuso za mazishi. Nikaonja ngano ya kuchemshwa, nikafanya ishara ya msalaba, nikatangaza matokeo. Vukosava alichukua sahani. Halafu akanipakulia kipande cha samaki kikubwa kuliko vyote. "Kula, jirani. Leo sikufukuzi, Nikola hataki. Kesho tutaonana ngazini."

Nilisikia akimwambia dada yake pembeni kwamba alitamani aende sokoni mwenyewe walau mara moja kabla hajafa, bila kumwomba mtu gari. Nilijisikia vibaya. Nikaongeza samaki.

Jumatatu, 22 Desemba

Saa mbili asubuhi nimekuta lori mbele ya kibanda. Juu yake mtambo wa kutoboa ardhi, mrefu kama mnara wa kanisa. Mhandisi mwanamke, kofia ya njano, kaniamkia vizuri na kunipa karatasi. Uchunguzi wa udongo kwa ajili ya metro, wa haraka, kwa ombi la wananchi, mahali walipoonyesha wananchi wenyewe. Na hapo chini wamenukuu ukurasa wa pili wa hotuba yangu, neno kwa neno, na jina langu kamili.

Nikamvuta pembeni. Nikamweleza kwa siri, kama mtu mzima kwa mtu mzima, kwamba hii metro haitajengwa. Akasema anajua. Baba yake alitoboa mashimo matatu ya metro hiyo hiyo, na nyumbani wana picha zake. Akasema, "Metro huenda isijengwe, mzee wangu. Shimo lazima litobolewe."

Akaomba kibali cha kibanda. Nikampa. Alikisoma, akahesabu kwa vidole, akanirudishia kwa mikono miwili. Nina hadi Jumatano.

Jumatano, 24 Desemba

Kibanda kimeondolewa. Winchi ilikinyanyua mbele ya mtaa mzima, miavuli inadondoka mmoja mmoja. Kimetuliwa uani nyuma ya jengo, kando ya mapipa ya taka, mlango unatazama ukuta. Leo mteja alikuwa mmoja. Alikuja kutupa taka.

Vukosava alishuka, na magoti yale, akanisaidia kubeba masanduku ya funguo. Nilingoja anisimange. Ningeweza kumjibu, nilikuwa na majibu tayari. Hakunisimanga. Alipoweka sanduku la mwisho aliniambia kwamba mwezi wa kumi, alipoiona rasimu ya ramani, kabla haijabandikwa kwetu, alikwenda manispaa kuwaomba kibanda changu kisogezwe mita nne, kikae ubavuni mwa kituo cha reli nyepesi. Abiria wasubirio mvuani wanahitaji mtu wa miavuli, ndivyo alivyowaambia. Walikubali. Imeandikwa nyuma ya ramani. "Hukuigeuza, jirani?"

Sikuigeuza.

Nimekaa kibandani mpaka giza likaingia, nikitazama ukuta. Ljubinka alikuja kuniita chakula, akakaa nami kidogo kwenye sanduku. Hata yeye hakunisimanga. Wanawake wa jengo hili wamekubaliana kuniua kwa upole.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimelala vizuri mno. Nimeamka na jibu.

Kosa halikuwa langu. Kosa ni la ardhi. Reli ya juu ya ardhi inagusa kibanda, reli ya chini ya ardhi inagusa kibanda. Ni nani aliyefikiria hewani? Reli ya kuning'inia! Mabehewa yanapita juu ya paa, hayamgusi mtu, na kitu kama hicho mji huu hautakijenga hata kwa miaka mia. Hotuba nimeshaandika, kurasa sita, kali kuliko ile. Bi Ilonka nimeshampelekea keki nyingine. Tarehe 20 Januari, siku ya Mtakatifu Yovani, slava ya wengi wasio wa Nikola, ukumbi uko wazi kutwa, hata yeye anashangaa. Nitakuwa peke yangu tena.

Ramani nimeichora mwenyewe. Nguzo kuu pamoja na ngazi za abiria nimeziweka uani kwetu, kando ya mapipa ya taka, ili wateja washukie mlangoni kwangu kabisa. Nimeandika pia kwamba kazi ianze mara moja.