Wasifu Wenye Pindo la Kuongezea

Ndugu Meneja wa Ajira,

Salamu nyingi, na Mungu akuzidishie afya, maana utaihitaji kufika mwisho wa barua hii. Mimi ni fundi cherehani, mama wa yule binti mliyemhoji kwa kompyuta wiki mbili zilizopita, kwa ile nafasi ya kutengeneza programu za simu. Sura yangu huijui, lakini kikohozi changu umekisikia. Nitakifikia.

Tangu siku ile mmenyamaza. Binti hali vizuri. Simu ikilia anaruka nayo nje. Tunaishi wawili tu, chumba cha mbele cherehani yangu, cha nyuma kompyuta yake, na akinuna yeye nyumba nzima imenuna. Kwa hiyo nakuandikia, si kwa hasira, Mungu shahidi, bali kwa uchungu wa mzazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo lenu lilitaka mtu anayeanza kazi, mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Nililisoma mara tatu kwa miwani na mara moja bila. Anayeanza ataitoa wapi miaka mitatu? Ndipo nikamsaidia kuandika wasifu wake. Sare ya mtoto wa shule huikati sawasawa na mwili, unaacha pindo la kuongezea, akue nayo. Na mimi nikauachia wasifu pindo. Miezi minane aliyojitolea kwenye ofisi ya mafundi kompyuta nikaifanya miaka mitatu, na programu moja nikaiita "programu mbalimbali". Nilisali kwanza. Basi mlipouliza tu, mtoto akawajibu mbele ya kamera: "Samahani, hiyo miaka mitatu ni ya mama." Mkacheka! Hapo ndipo mlipaswa kumpa kazi palepale. Mnatafuta mkweli gani mwingine?

2. Mlimwambia ajiuze kwa dakika mbili. Ndugu yangu, mimi nimetumia miaka ishirini na minne kumfundisha mtoto asijisifu, halafu wageni wanataka kunivunjia kazi yangu kwa dakika mbili? Akasema, "Najitahidi," akaishia hapo. Wakati huo mimi nilikuwa chini ya meza nimeshika waya wa chaja, kwa sababu ukiuachia kompyuta inazimika. Sikuweza kuvumilia. Nikakohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maana ya "waambie ulivyoongoza darasa". Mkauliza, "Huyo ni nani?" Akajibu, "Ni mama, ameshika umeme." Ukweli tena! Na bado hamkuandika popote, maana sikusikia kalamu.

3. Mlimuuliza udhaifu wake. Mimi makosa yangu namwambia Mungu, na hata Yeye hanipi nafasi ya kazi nikimaliza. Jirani yetu kinyozi, aliyewahi kukaa ofisini, alikuwa amemwelekeza: "Wewe sema udhaifu wako ni kupenda kazi kupita kiasi, hao watalainika." Binti akakataa kusema jambo lisilo lake. Akawaambia kwamba akizama kazini hasikii akiitwa, kwamba husahau kula, na kwamba asubuhi haamki mpaka anyunyiziwe maji. Mimi ndiye mnyunyizaji, nathibitisha. Lakini je, kuna hata mmoja wenu aliyemtajia udhaifu wake? Yule bwana wa katikati alipiga miayo mara nne. Nilichungulia.

4. Kimya chenu. Mteja akilikataa gauni langu huniambia linabana wapi, nami nalegeza. Ninyi mmelichukua gauni, hamlivai, hamlirudishi.

Kwa hayo yote, naomba mambo mawili. Kwanza, mwajirini binti yangu mara moja. Pili, kuanzia sasa kila mwombaji aje na mzazi wake, na maswali ya kujisifu aulizwe mzazi. Sisi hatuna aibu, na wasifu tumeushika kichwani tangu siku ya kuzaliwa. Sisemi mtamaliza mapema. Nasema mtamjua mtu.

Nisalimie wote hapo ofisini, bosi wako, mlinzi wa mlangoni, na bwana wa miayo, naye mwambie namwombea usingizi.

Nabaki kwa heshima, na sindano mkononi,

Mama wa Mwombaji

Nyongeza: Nilimpa binti aichape barua hii. Alipofika namba nne, machozi yakamtoka, huku anacheka. Kumbe mlijibu siku ya tatu tu! Kazi amepata, ofisi iko mji mwingine, safari ya siku nzima, na siku zote hizi hali vizuri kwa kutafuta namna ya kuniambia kwamba nitabaki peke yangu. Basi, ndugu yangu, nakusihi uisome upya namba tatu, polepole. Haamki yule. Na ile miaka mitatu ni uongo mtupu, niliukata mimi kwa mkono wangu. Hata kinyozi, ambaye ndiye anayenitumia barua hii kwa siri, ni shahidi. Lakini ikiwa mmeshaamua kabisa, na Mungu naye ameridhia, basi nitumieni vipimo vya meza atakayokalia. Juu si muhimu. Nataka nafasi ya chini.