Ngozi za Kamba wa Kalobeyei

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kikundi chetu hapa Kalobeyei kimenipa tangi nichunge. Chini kuna kamba, wale wadudu wa maji wenye masharubu. Juu ni sukuma wiki, zimepandwa kwa kokoto. Pampu inazungusha maji, kinyesi cha kamba kinalisha mboga. Lomenen, mwenzetu wa kikundi, alitaka hii kazi. Anasema mtu wa mbuzi hawezi kuchunga kitu hakina kwato. Mama Nyaluak, mwenyekiti, amesema kitu chochote kikikufa nimwambie siku hiyo hiyo. Nimeahidi. Jumamosi wageni wa mradi wanakuja. Wakipenda, tunaongezewa tangi na mimi nabaki mchungaji. Mke wangu Abei ashatangazia ndugu zake wote kule kwao Lopur.

Jumatano, 5 Machi
Msiba. Maiti ndani ya maji. Miguu iko, masharubu yako, nyama hakuna. Wengine siwaoni kabisa. Ilifaa nimwambie Nyaluak. Sikumwambia, Mungu anisamehe. Lakini nimeokota maiti zote, nimeanika kwa mabati, nimeweka kwa mfuko. Mbuzi wa mtu akikufia, lazima umwonyeshe ngozi, asiseme ulikula. Kwa hiyo nusu yangu ni mwaminifu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda Lodwar kuonana na binamu yangu Namuar, mvuvi wa Longech. Kamba hana. Ana kambare watatu wazima kwa ndoo. Ameapa ni wapole. Nimewatia kwa tangi. Mgeni anataka nini? Aone maji yakitikisika, basi.

Jumamosi, 8 Machi
Wageni wameinama, wameuliza kamba wako wapi. Nimejaribu uongo mmoja, haukutoka. Nimeleta mfuko, nimemwaga ngozi chini, nimeungama. Nyaluak amecheka mpaka akashika nguzo. Ati mzee Emanikor, hizi ni nguo wamevua. Kamba akikua anaacha ganda, halafu anajificha kwa mabomba mpaka jipya likuwe gumu. Wote walikuwa hai.

Walikuwa. Lomenen ametoa kambare mmoja, tumbo kama mto wa kulalia. Amempasua pale pale, ndani kamba tele. Nyaluak akaacha kucheka. Ameniuliza, na za hawa, ngozi nitamletea lini?

Tangi la pili hakuna. La kwanza amepewa Lomenen, atangoja kamba wapya. Mimi nimeachiwa sukuma tu. Wageni watarudi kuangalia mboga.

Jumapili, 9 Machi
Nimetubu kanisani, kwa magoti. Nimemwahidi Nyaluak kitu kikiharibika atasikia siku hiyo hiyo. Abei amesema hiyo ahadi si ni ile ya Jumatatu.

Jumanne, 18 Machi
Sukuma zimekuwa manjano. Kamba hawako, kambare wametolewa, mbolea haiko. Wageni ni kesho. Nimetoka nyumbani kwenda kumwambia Nyaluak, kweli kabisa, lakini njia imepitia sokoni. Sasa nimechomeka sukuma za soko kwa kokoto. Zimesimama vizuri kushinda zetu. Zikishika mizizi, sioni sababu ya kusumbua mama wa watu.