Ukurasa wa Saba

Shule yetu ndiyo pekee chini ya jua iliyonyimwa fedha za watoto wasiojua kusoma kwa sababu watoto hao walisoma vizuri kupita kiasi. Nasema niliyoyaona, naigongea kengele shule hii mwaka wa thelathini sasa.

Wizara ilitangaza kwamba shule ambayo zaidi ya nusu ya darasa la tatu hawawezi kusoma italipiwa mwalimu wa ziada. Sisi tulikuwa na watoto sitini, na kwa arobaini na wawili kati yao herufi zilikuwa wadudu tu waliofia kwenye karatasi. Mwalimu wa ziada tulikuwa naye, binti mpole aliyewafundisha ndani ya stoo ya majembe. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Fedha zisipokuja, yeye anaondoka, na wale arobaini na wawili ndiyo basi tena.

"Mzee, ondoa wasiwasi," Mwalimu Mkuu aliniambia huku akinyoosha tai. "Kufaulu ndiyo kazi. Kushindwa nani anashindwa?"

Zamani mkaguzi alikuja kwa baiskeli bila taarifa, akakupa gazeti alilofungia mkate wake, na ukisoma, umesoma. Siku hizi hupiga simu wiki mbili kabla, na huja na kitabu kilekile, ukurasa uleule wa saba. Kwa hiyo kwa miaka sita Mkuu aliwakaririsha watoto ukurasa wa saba mpaka wakauota, na aliyekwama alikula fimbo. Wakaguzi wakawa wanatusifu kama redio mpya.

Asubuhi ya ukaguzi wa fedha hizo Mkuu aliwaambia watoto, "Leo msijue kitu." Kisha akasimama mlangoni na fimbo kwapani, kama kawaida yake.

Mkaguzi, mama mwenye miwani puani na nyingine kichwani, akamwita msichana tuliyemzoea kwa jina la Kifutio. Kifutio akaitazama fimbo. Akasoma ukurasa mzima bila kupumua.

"Mheshimiwa, kitabu amekishika juu chini," Mkuu akasema.

"Nimeona. Na bado anasoma. Ajabu sana."

"Mpe ukurasa wa nane."

"Fomu yangu inasema wa saba."

Mkuu akapiga magoti mbele ya dawati. "Kifutio, mwanangu, kosea. Neno moja tu."

"Nikikosea utanichapa."

"Sikuchapi."

"Hata juzi ulisema hivyo, Mwalimu."

Mkuu akaitupa fimbo dirishani. Darasa zima likaelewa kwamba anakwenda kuchukua kubwa zaidi, na watoto sitini wakausoma ukurasa wa saba kwa pamoja, kwa kasi ambayo sijawahi kuisikia hata kwa wanadi wa mnada. Wawili hawakuwa na kitabu kabisa.

"Mama, nilidanganya," Mkuu akasema, jasho likidondokea tai. "Ripoti zote sita. Hawa hawajui hata a."

"Mwalimu mnyenyekevu," mkaguzi akasema, akiandika. "Hilo nalo nitaliweka."

Akafunga jalada. "Fedha hamzihitaji. Yule binti wenu wa stoo nitampeleka shule yenye shida. Na kwa kuwa wewe una kipaji hiki, Jumatatu nakuletea watoto arobaini wa shule ya jirani, hawajui herufi hata moja. Utawafundisha mwenyewe, kama ulivyowafundisha hawa."

Aliondoka akitupigia makofi.

Binti akatoka stoo na mkoba wake, akamkabidhi Mkuu boksi la chaki lililobaki nusu. Nilimsubiri Mkuu atoe hotuba. Hajawahi kukosa hotuba. Akaligeuzageuza lile boksi, akatazama huku na huku kama hakuna mzazi karibu, akamsogelea.

"Binti yangu," akanong'ona, "hivi kusoma kwenyewe huwa mnaanzia wapi?"

"Ukurasa wa kwanza, Mkuu."