Barua ya Kazi ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya ishirini na moja ya ndoa. Raha! Namtazama anapochana nywele, nasahau hata nilikuwa natafuta soksi. Kero ni moja tu: kati yetu na dada yangu kuna pazia. Pazia, si ukuta. Nikisema neno tamu, dada anakohoa. Jana nilimwita mke wangu ua la moyo. Dada akauliza, kutoka upande wa pili, kama ua hilo limekumbuka kuosha sufuria.

Mpango upo. Kliniki ya macho inatafuta mtu wa mapokezi. Mke wangu akiipata kazi hiyo, tutapanga chumba chetu. Chenye mlango! Barua ya maombi nitaandika mimi. Nani mwingine? Kazi yangu ni kuwachapia watu barua, na nina kitabu kisicho na jalada chenye maneno ya Kiingereza ambayo wenyewe wameshayasahau.

Jumanne, 4 Juni

Maneno gani haya! Uxorious: mume anayempenda mkewe kupita kiasi. Yaani wenzetu waliona hiyo ni kasoro mpaka wakaitungia jina. Nawahurumia wake zao. Nudiustertian: cha juzi. Silabi sita kwa jambo ambalo sisi tunalimaliza kwa mbili! Nimelitumia hivyo hivyo.

Barua ina ukurasa mmoja na nusu. Nimeeleza kwamba mke wangu si flibbertigibbet, yaani si mropokaji. Kwamba hana tabia ya groak, yaani kumkodolea macho anayekula ukitumaini utamegewa. Na kwamba akitokea ultracrepidarian, mtu anayetoa ushauri kwa mambo asiyoyajua, atamfanyia defenestration papo hapo. Ni kumtupa mtu nje kupitia dirisha. Tamathali ya usemi tu. Aliyesoma ataelewa.

Mwenzangu wa meza ya pili dukani, tunayemwita Mistari Mitano kwa kuwa barua zake hazijawahi kuzidi hapo, aliichungulia akaguna. Akasema hiyo si barua ya kazi, ni mtihani. Wivu! Foleni yake ni ndefu kwa sababu watu wana haraka, si kwa sababu anajua.

Alhamisi, 6 Juni

Ameitwa kwenye usaili! Nimempa Mistari Mitano habari hii mara nne. Mara ya tano aliwasha mashine ya kopi bila karatasi, ili asinisikie.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. Mke wangu amerudi viatu mkononi. Daktari mkuu, mama mtu mzima, aliisoma barua kwa sauti, polepole, mbele ya wenzake wawili. Kamusi iko mezani. Akamwuliza kama kweli anakusudia kuwatupa wagonjwa dirishani, na kama anafahamu kwamba kliniki iko ghorofa ya tatu. Mke wangu akasema barua iliandikwa na mumewe. Daktari akauliza, bila kucheka, kama mume huyo ndiye atakayekuja kukaa mapokezi.

Nikamfariji. Nikamwita petrichor wangu, ile harufu ya mvua inapoangukia ardhi kavu. Akasema nikimwita tena jina asilolijua mama yake, nitamkosa. Akabeba mto wake, akavuka pazia. Dada akampokea kwa furaha: njoo wifi yangu, huku tunaongea Kiswahili.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kliniki kuweka mambo sawa. Nimejiandikisha kama mgonjwa. Daktari akanionyesha ubao wa herufi, nisome. Nikamweleza kwamba herufi zile hazifanyi neno lolote, nami ninayo mazuri ya kuweka pale. Nikaanza kumfafanulia yale ya barua. Nikamshauri na kuhusu fremu za miwani. Akasema macho yangu ni mazima, ugonjwa uko chini kidogo, akagusa mdomo wake. Nikasindikizwa nje. Kwa mlango, nashukuru. Nafasi wameshampa mwingine.

Jumatano, 12 Juni

Leo sitaisahau. Saa nne asubuhi, duka limejaa, mke wangu huyoo anaingia. Moyo ukaruka. Amenifuata! Akanipita. Akajipanga kwenye foleni ya Mistari Mitano. Watu watatu mbele yake, na mimi hatua mbili pembeni, meza tupu, mikono mitupu. Mteja mmoja akamwuliza kama ananifahamu. Akajibu kwamba ananifahamu kwa sura.

Nimeichungulia barua yenyewe. Jina. Elimu. Vyeti vimeambatishwa. Naomba kazi ya ukarani shuleni kwenu. Wako mtiifu. Aibu! Hakuna hata neno moja la kumfanya mtu afungue kamusi. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kiko meza ya pili na kina foleni.

Jumanne, 18 Juni

AMEPATA! Mto umerudi upande wangu. Tumekwenda kuona chumba: dirisha moja, mlango wa mbao, komeo. Alilisukuma komeo, akalivuta, akalisukuma tena, akacheka peke yake. Sijapata kuona kitu kizuri namna ile.

Sharti lake ni moja. Mwezi wa kwanza ni wa majaribio, mwalimu mkuu ni mkali, na mke wangu chumba hiki anakitaka. Kwa hiyo niape kwamba sitaandika tena barua yake yoyote. Nikaapa. Mkono kifuani, machozi yakinilengalenga. Jinsi ninavyompenda!

Alhamisi, 20 Juni

Leo anaanza kazi. Kiapo nimekitimiza neno kwa neno, maana hii si barua yake. Ni yangu, ina sahihi yangu, ya kumshukuru mwalimu mkuu kwa kumwajiri. Kurasa tatu. Nimemhakikishia kwamba, pamoja na yote ambayo mke wangu amenisimulia, mimi binafsi siamini kwamba mwalimu mkuu ni cockalorum, yaani kijitu kidogo kinachojiona jogoo wa mtaa.

Nilifika getini mapema, mke wangu angali anapiga pasi blauzi yake. Mlinzi ameahidi kuikabidhi kabla ya kengele.