Sarafu Kwenye Mzani wa Keki

Jumapili, 7 Septemba
Mnada wa baada ya ibada, wa kuchangia sare za kwaya: jogoo mmoja, mkungu wa ndizi, boga. Watu wakalipa kwa sarafu za mia mbili, kama kawaida ya mtaa wetu wa Ilomba. Yotamu, mweka hazina wa kwaya, akaanza kuzihesabu moja moja, akilamba kidole. Njaa ilituuma hadi besi zetu zikawa nyembamba. Nikasimama. Nikasema siku hizi sarafu hazihesabiwi, zinapimwa uzito! Mama Esnath, mwenyekiti wa kwaya, akasema haya, hesabu isimame, hela zibaki ndooni, Jumapili ijayo tuone. Nikiweza, uhazina ni wangu, na safari ya kwaya ya Iringa nakaa mbele na dereva. Yotamu kacheka. Ngoja!

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeazima mzani wa Hanifa, anayeoka keki mtaa wa Soweto. Benki nikapata sarafu mpya za mia mbili, zinang'aa. Nikazipima, nikaandika uzito wa moja. Sasa ni kugawanya tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nina upara, lakini za ndani ninazo tele.

Jumatano, 10 Septemba
Balaa. Kopo la mke wangu Tumpe lina sarafu mia moja za mia mbili, za tangu tuoane. Mzani ukasema tisini na saba. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, zile tatu kampelekea nani. Akazimwaga mezani, akazihesabu mbele ya macho yangu. Mia moja kamili. Jioni sikupewa chakula, na sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi, 11 Septemba
Hanifa kanicheka. Anasema sarafu inasuguliwa mifukoni, mikononi, mezani, miaka nenda rudi; inalika kidogo kidogo kama soli ya kiatu. Nikambishia. Chuma si sabuni! Nimerudi nyumbani, nikazitazama za Tumpe. Wale simba waliochorwa juu yake wamebaki kama paka walionyeshewa mvua. Sawa, kashinda. Dawa ni rahisi: kila mia, naongeza tatu kwenye hesabu. Yotamu kwisha habari yake!

Jumapili, 14 Septemba
Ndoo ya sarafu mbele ya usharika mzima. Nikapima. Nikagawanya. Nikaongeza tatu zangu kwa kila mia. Nikatangaza kwamba zimevuka lengo, kila mwanakwaya atapata sare mpya! Vigelegele. Mchungaji kanipa mkono. Yotamu akainama, nikamhurumia. Kidogo tu.

Halafu akaomba kuhesabu. Moja moja, akilamba kidole. Katikati akatema mate, akauliza mbona hela ina ladha ya dagaa. Kumbe nyingi zimetoka kwa akina mama wauza dagaa na maandazi. Mafuta, unga na magamba vimegandia hadi simba hawaonekani. Nimepima hela na uchafu wake, kisha nikaongezea!

Hesabu ikapungua. Sare hakuna. Mama Esnath akauliza, taratibu, kama ile ndoo ilipita kwangu. Mwizi, mimi! Nilitamani ardhi ipasuke. Aliyenitetea ni Yotamu. Alisema ndoo ililala kwake wiki nzima, na Sosthenes si mwizi, ni mjinga tu. Nikamshukuru. Iliniuma kuliko kuitwa mwizi.

Jumamosi, 20 Septemba
Iringa. Tumefika salama. Nimesafiri siti ya nyuma kabisa, ngoma mapajani, magoti kidevuni. Yotamu alikaa mbele, akila korosho za dereva. Kuanzia Igawa hadi Mafinga nilijichunguza nafsi kwa unyenyekevu. Nimekosea wapi?

Nimepata! Kosa ni la sarafu. Sarafu ni chuma; chuma kinalika, kinashika uchafu. Lakini noti? Karatasi tupu! Italika na nini? Itachafuka vipi? Kesho wenyeji wetu wana mnada, na watu wa Iringa wanalipa kwa noti. Nimemweleza Mama Esnath. Papo hapo kalikalia sanduku la sadaka. Si kitu. Mzani ninao kwenye begi.