Mbwa Asiye na Mwenyewe

Redio ndiye aliyeanzisha. Jina lake la ubatizo ni Modeste, katoka Fizi, analima mahindi, lakini tangu apate simu yenye spika iliyopasuka hajui tena kunyamaza. Asubuhi ile alifika kwenye benchi la chai la Mama Ineza, hapa kwetu Juru, kambini Nakivale, akaketi hata kabla ya kusalimu.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, kwenye kibanda changu cha baiskeli, nanawa grisi. Kazi yangu ni ufundi, na fundi baiskeli mikono yake huwa na kazi lakini masikio yake hayana. Nikayapeleka kwenye benchi.

"Munasikia ya Mbarara?" Redio akasema. "Bibi moja kule Ruharo, imbwa ya tajiri imemuluma pa mukono. Bibi akaenda tribinali. Tajiri amelipa. Dawa, transport, siku za kazi, hata uchungu wa moyo. Byote."

"Uchungu wa moyo nao banaulipaka?" akauliza Bei Moja. Huyu ni Goretti, muuza nyanya, na jina hilo alipewa kwa sababu tangu avuke mpaka hajawahi kumpunguzia mtu hata nyanya moja. "Basi bwana yangu wa kwanza nitamushitaki."

"Bwana si mbwa," akasema Avoka.

"Hukumujua."

Avoka ni Thaddée. Huko Bujumbura alibeba mafaili ya wakili mmoja miaka miwili, kutoka ofisini mpaka kwenye gari. Sheria zote anazozijua alizisoma akitembea, ndiyo maana huwa hafiki mwisho wa hata moja. Alikohoa kidogo, kama afanyavyo kila akitaka kuzungumza bure.

"Sheria iko wazi," akasema. "Mwenye mbwa ndiye analipa. Aliyelumwa anaonyesha vitu vitatu: jeraha, mbwa, na mwenyewe."

Mwisho wa benchi mtu akaguna. Alikuwa Pontien, ambaye tunamwita Mtakatifu kwa sababu ya kwaya, mahubiri, na kule kufumba macho anapokuambia makosa yako. Siku tatu zilizopita mbwa alimng'ata tako. Yeye mwenyewe hasemi tako. Anasema mahali pa kukalia, na asubuhi ile alikuwa amekalia la upande mmoja tu.

"Avoka, mimi pia nina kesi."

"Jeraha tunalo," Redio akasema. "Usituonyeshe."

"Musicheke. Dispensari wamenichoma sindano ya kwanza. Zinazobaki ziko hospitali Mbarara, friji ya hapa imekufa. Ya pili ni kesho. Infirmière, yule muuguzi, kaniambia, kama ile mbwa ina wazimu na mimi sikuenda, nitakufa nikiogopa maji. Na transport sina."

Hapo hakuna aliyecheka. Ugonjwa ule tunaujua. Mwanzoni unamwona mtu mzima kabisa, anapalilia, anatania, na siku ukijionyesha, hakuna daktari wala padri atakayekusaidia. Nilimwonea Mtakatifu huruma, na si kawaida yangu.

"Basi mwenye mbwa alipe," akamaliza.

Wote wakainama kutazama chini ya benchi. Mbwa alikuwa amelala pale, rangi ya kahawia, sikio la kushoto nusu, pua juu ya kandambili ya Redio.

"Mama Ineza," Avoka akasema, "imbwa inalala kwako."

Mama Ineza, yaani Fébronie, mwenye chai, hakuinua macho kwenye sufuria. "Inalala tu. Hata Redio alilala hapo chini siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yake. Mimi si mwenye Redio."

"Sheria haiangalii inalala wapi. Inaangalia inakula kwa nani."

"Basi ni yako," akasema Bei Moja. "Jana umeipatia ngozi ya samaki."

"Niliitupa. Kutupa si kulisha."

"Uliitupa mu kinywa yake."

Redio akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mi naona ile imbwa ni mukimbizi sawa na shiye wote. Ilitokea njia ya Kabingo na miguu yake. Haina karatasi, haina namba ya nyumba, hata mufadhili haina. Sasa utashitaki nani?"

"Tena kuna jambo la kujua," Avoka akaendelea, maana akishaanza hazimiki. "Mwenyewe analipa kama alijua mbwa wake ni mukali. Sasa huyu amewahi kuluma?"

"Hajaluma mtu hata siku moja," Mama Ineza akajibu haraka kidogo kwa mtu asiye na mbwa.

"Alipasua suruali ya mwalimu wa kwaya," akasema Bei Moja.

"Suruali si mtu."

Avoka akamgeukia Mtakatifu. "Na wewe, hukumuchokoza?"

"Mimi? Nilikuwa najiondokea."

"Ulikuwa unaondoka kinyumenyume," Mama Ineza akasema, "ukiniangalia kama nakuona. Chai mbili hukulipa."

"Nilikuwa natafakari."

"Ukatafakari mpaka ukakanyaga mkia."

Hapo ndipo pikipiki ya Afande ilipofika. Ni Mganda, mrefu, wa kituo cha polisi cha huku, mtu ambaye haongei sana na hapendi kuandika. Mtakatifu alikuwa amempelekea malalamiko jana yake. Alishuka, akatoa karatasi mfukoni, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nyinyi. Mbwa ya kuuma huyu mzee, mwenyewe nani?"

Mbwa peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

"Hakuna? Sawa. Mbwa bila mwenyewe, bila kadi ya chanjo, kazi yake iko rahisi. Leo saa kumi narudi na bunduki, napiga."

Mtakatifu aliruka akasahau kidonda. "Afande, usiiue. Infirmière amesema iangaliwe siku kumi. Ikifa leo, nitajuaje kama mimi nitakufa?"

"Basi nipe mwenyewe."

Mama Ineza alipangusa mikono kwenye kitenge, taratibu sana. Ni mjane, na mbwa yule amefukuza wezi wa sufuria yake zaidi ya mara mbili. Alimtazama mnyama, akamtazama Afande, kisha akafungua kopo la sukari na kutoa kadi ya kijani.

Hapa lazima nieleze. Kiangazi kilichopita walikuja watu wa shirika moja kuchanja mbwa. Ili watu wawalete mbwa wao, kila mwenye mbwa alipewa kadi yenye jina lake, na mche mmoja wa sabuni. Hapa Nakivale mtu akisikia kuna orodha inaandikwa, anajiandikisha kwanza, ya nini atauliza njiani akirudi. Tumezoeshwa hivyo, usituseme. Matokeo yake, siku ile wenye mbwa walikuwa wengi kuliko mbwa.

Afande akasoma. "Rangi kahawia. Sikio ya kushoto nusu. Jina, Komando. Mwenyewe, Fébronie. Nyabo, wewe mama, kwa nini ulikuwa unaficha?"

"Sikuficha, Afande. Nilikuwa nangoja wenzangu waanze." Akamgeukia Bei Moja. "Goretti, toa yako. Sitaenda peke yangu."

"Yangu gani?"

"Ile unafunikia chumvi."

Bei Moja akamtazama kwa jicho la kumtupia mtu nyanya mbovu, akaingiza mkono kwenye kapu. Afande akasoma tena. "Rangi kijivu. Sikio ya kushoto nusu. Jina, Sultani." Akamwangalia mbwa. "Hii ni kijivu?"

"Nilimupakaka majivu," Bei Moja akasema. "Foleni ilikuwa na macho mingi."

Basi likafunguka bwawa. Redio akatoa ya kwake kutoka nyuma ya betri ya simu, jina la mbwa Mapendo. Avoka akatoa ya kwake, amefungia kwenye plastiki kama diploma, na pale palipoandikwa jina la mbwa, aliandika Jaji.

"Banange," Afande akasema. "Mbwa moja amechomwa sindano mara nne, siku moja?"

"Mara ya ine hata kamba haikuhitajika," Redio akasema. "Alijipeleka mwenyewe."

Sasa ukamwone Mtakatifu. Uso ulimng'aa kama wa bwana harusi. Alifumba macho.

"Jumapili nilisema nini? Kuna watu wanaandikwa kila orodha. Mungu naye ana orodha, nikasema, na hadanganyiki. Mukanicheka. Leo uwongo wenu umewarudia. Afande, wenye mbwa wanne hawa hapa. Wagawane. Transport ya Mbarara, siku zangu za kupalilia maharage, na uchungu wa moyo."

"Uchungu wa tako," Redio akasema.

"Wa moyo," Mtakatifu akasema.

Afande akakaa, akaiweka karatasi juu ya goti. "Ngoja. Mimi naandika yote, nisiulizwe huko mbele. Mzee, mbwa alikuuma wapi?"

"Mahali pa kukalia."

"Kwa benchi?"

"Kwangu mimi."

Afande akaandika neno fupi. "Baada ya kuuma, ulifanya nini?"

"Nilifanya sawasawa na infirmière anavyofundishaka," Mtakatifu akasema kwa sauti, ili sote tujifunze. "Nilinawa kidonda kwa maji na sabuni, dakika kumi na tano kamili. Ndiyo imeniokoa."

"Sabuni gani?"

"Ile ya bluu."

Wote wakamgeukia. Sabuni ya mgao ni nyeupe. Ya dukani kwetu ni ya manjano. Ya bluu imekuja Juru mara moja tu katika maisha yangu, na ilikuja na watu wa mbwa. Nilichukua kitambaa cha grisi nikakitupia juu ya bakuli langu la kunawia, kwa ajili ya vumbi.

Mtakatifu akafumbua macho. Alituona tunavyomwangalia. Nadhani ndipo naye alipokisikia alichosema.

"Nilipewa," akasema.

"Na nani?" Mama Ineza akamuuliza, tena kwa upole. "Mtakatifu, fungua kitabu chako cha nyimbo."

Hakutaka. Bei Moja akakifungua kwa niaba yake. Kadi ya kijani ilikuwa kwenye nyimbo za Kwaresima, inaweka alama ya ukurasa. Rangi kahawia. Sikio la kushoto nusu. Mwenyewe, Pontien. Jina la mbwa, Malaika.

"Malaika amekuluma," Redio akasema, na benchi zima likaanguka kwa kicheko. Bei Moja alilia machozi. Hata Afande aligeukia pikipiki yake kama anaangalia tairi.

Mtakatifu hakulia wala hakucheka. Alikaa, mara hii kwa makalio yote mawili, akaumia. "Avoka," akasema, "sheria inasema nini mtu akilumwa na mbwa wake?"

Avoka alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akifikiri kabla ya kujibu. "Inasema anajilipa."

"Na uchungu wa moyo?"

"Anajisamehe."

"Mimi nitakufa kwa ajili ya mche wa sabuni," Mtakatifu akasema chini kabisa, na kicheko kikaisha. Tulikuwa tumesahau kwamba kesho iko pale pale, na sindano iko Mbarara.

Afande akasimama. "Sikieni. Hakuna kufa hapa. Mbwa iko na wenyewe tano. Wote tano mnachanga transport ya huyu mzee, kwenda na kurudi, mpaka sindano naisha. Mbwa nafungwa kamba siku kumi, kila moja analisha siku mbili. Ikigeuka tabia, mnaniita haraka. Mimi nakuja kuangalia. Nimemaliza."

"Na mimi pia nachanga?" Mtakatifu akauliza.

"Wewe ndiyo unaanza, ssebo."

Kikombe cha chai kikazungushwa. Kila mtu alitia kiasi chake cha pesa kwa shida, Avoka akitaka kwanza risiti. Nami niliinuka kibandani nikaenda kutia changu, bila kuitwa na mtu. Kilikuwa kizito kuliko vya wengine.

"Munaona Fundi," Bei Moja akasema. "Hata imbwa hana, lakini roho yake inatushinda shiye wote."

"Ubarikiwe," Mtakatifu akaniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. Niliinamisha kichwa.

Wakatawanyika. Kesho yake asubuhi Mtakatifu alipita amepanda nyuma ya pikipiki, mto wa kitandani umefungwa kwenye kiti kwa mpira niliompa mimi. Alimsimamisha dereva mbele ya benchi. Mbwa alikuwa kwenye kamba, anakunywa maji yake bila wasiwasi, na Mtakatifu alimtazama akinywa mpaka mwisho.

"Mama Ineza," akasema, "muniangalilie mbwa wetu."

"Leo amekuwa wetu?"

"Amekunywa maji. Ni wetu."

Pikipiki ikaondoka. Mama Ineza akaja kibandani kuniomba maji ya kuoshea vikombe. Kabla sijasema neno aliinua kile kitambaa cha grisi, akaangalia ndani ya bakuli, akaangalia mikono yangu. Kipande kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini bluu haifichiki. Akakifunga kwenye gazeti, akafungua boksi langu la spana akiweke humo, na humo ndimo ilimokuwa kadi yangu ya kijani. Akaisoma bila haraka, akairudisha.

"Zamu ya kulisha imeanza na mimi," akasema, "leo na kesho. Naona utanifanyia wewe."

"Ndiyo, mama," nikasema.